Mkono Upangao Ukurasa

Watu husema kuwa picha haisemi uongo. Msemo huu una nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni kama daraja lililokomea katikati ya mto: humchukua msafiri, lakini halimfikishi ng'ambo. Ni kweli kwamba kamera hupokea nuru ya kitu kilichokuwa mbele yake, wala haiwezi kupokea nuru ya kitu kisichokuwapo. Lakini kamera haichagui picha ipi itiwe katika ukurasa wa kwanza na ipi iachwe. Haiamui ipi iwe kubwa na ipi iwe ndogo, wala haiandiki maneno yawekwayo chini ya picha. Kazi hiyo hufanywa na mkono wa mtu. Insha hii yataka kueleza habari za mkono huo, tangu picha zilipoanza kuchapwa magazetini mpaka siku hizi zetu, ambapo kijana wa kitongoji cha Kiandutu, mjini Thika, aweza kukunja karatasi chache akafanya kijarida cha picha kilicho chake mwenyewe.

Sanaa ya kupiga picha ilitangazwa kwa ulimwengu katika mwaka wa 1839. Hata hivyo, kwa muda wa miaka 40 hivi magazeti hayakuweza kuichapa picha kama ilivyo. Ilimlazimu fundi aitazame, kisha aichonge upya katika ubao, na mchongo huo ndio uliopigwa chapa pamoja na maneno. Baadaye mafundi waligundua njia ya kuigawa picha kuwa nukta nyingi ndogo ndogo: nukta nene mahali penye giza, na nukta nyembamba mahali penye mwanga. Jicho likitazama huziunganisha nukta hizo, likaona uso, nyumba au mti. Tarehe 4 Machi 1880, gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha kwa njia hiyo, nayo hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya namna yake katika gazeti la kila siku.

Je, msomaji, picha hiyo ilikuwa ya nini? Haikuwa ya rais, wala ya jumba la fahari. Ilikuwa picha ya mtaa wa vibanda vya maskini katika mji ule. Jambo hili lastahili kufikiriwa. Tangu picha ilipoingia gazetini, makao ya maskini yalikuwa mbele ya kamera. Lakini mwenye kibanda hakuwapo mezani wakati ukurasa ulipopangwa, wala hakuulizwa ni maneno gani yaandikwe chini ya nyumba yake.

Miaka 10 baadaye, yaani mwaka wa 1890, Jacob Riis alitoa kitabu juu ya vyumba vilivyosongamana vya maskini wa New York. Riis alikuwa mhamiaji kutoka Denmark, naye alifanya kazi ya kuandika habari za polisi. Alitumia unga uwakao kwa ghafula ili apate kupiga picha gizani. Kitabu chake kiliwashtua wenye mali, na kikasaidia kuleta sheria bora za nyumba. Kwa hiyo haifai kusema kwamba alijitaabisha bure. Hata hivyo, wengi wa watu waliomo katika picha zake hawana majina. Twaziona shida zao, lakini hatupati kujua wao wenyewe walionaje.

Kwa nini kupanga picha ni jambo kubwa hivyo? Mtengenezaji wa filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, alilijaribu jambo hili katika siku za kuanza kwa sanaa ya sinema nchini mwake. Husimuliwa kwamba alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji, uso usioonyesha furaha wala huzuni, akaiweka karibu na picha ya bakuli la mchuzi, kisha karibu na picha ya jeneza. Watazamaji waliona njaa katika uso ule mara ya kwanza, na majonzi mara ya pili, ingawa uso ulikuwa ule ule. Maana ilizaliwa katika nafasi iliyo kati ya picha mbili, na nafasi hiyo ndiyo milki ya mpangaji.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki kamera ilifika katika karne ya 19. Kisiwani Unguja walikuwako wapiga picha waliotoka Goa, kama A. C. Gomes, waliofungua vyumba vya picha mjini, na picha nyingi za pwani ziliuzwa zikiwa kadi za posta. Kadi hizo zilisafiri kwa meli hata Ulaya. Mara nyingi chini ya picha ya mtu pameandikwa kabila lake au kazi yake tu: mwanamke Mswahili, mchukuzi, mpiga ngoma. Jina lake halimo. Mtu huyo alikuwa na jina, na wazazi waliompa jina hilo, lakini mpangaji wa kadi hakuona haja ya kuuliza. Basi maneno mawili au matatu yaliweza kumgeuza binadamu kuwa kielelezo, kama kipepeo aliyebanwa kwa pini katika sanduku la makumbusho.

Wenyeji walipotaka kusema kwa sauti yao wenyewe, walianza na maneno, maana kuchapa maneno kulikuwa rahisi kuliko kuchapa picha. Mwaka wa 1928 chama cha Kikuyu Central Association kilianzisha gazeti la Kigikuyu lililoitwa Muigwithania, yaani Mpatanishi, na mhariri wake alikuwa Jomo Kenyatta. Mwaka wa 1933 G. L. Vidyarthi alianzisha Colonial Times mjini Nairobi, na baadaye akatoa pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia. Katika miaka ya 1940 alifungwa gerezani kwa kosa la uchochezi. Mwaka wa 1945 Henry Muoria, aliyekuwa mtumishi wa reli, alianzisha gazeti la Mumenyereri, yaani Mtunzaji. Hapo kwanza lilitoka mara moja kwa mwezi, kisha likawa la kila juma. Lilipigwa marufuku mwaka wa 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari. Muoria alikuwa Uingereza wakati huo, akabaki London mpaka alipofariki mwaka wa 1997.

Watu hawa walipata taabu si kwa sababu ya karatasi na wino, vitu ambavyo hata mwenye duka huwa navyo. Walipata taabu kwa sababu walishika mamlaka ya kuamua habari ipi iwe ya kwanza. Gazeti la serikali liliweza kuitangulizia amri ya gavana na kuyaweka malalamiko ya mkulima pembeni, au kuyaacha kabisa. Gazeti la Muoria liliweza kugeuza mpango huo. Aliyetaka kuunyamazisha mkono huo hakuwa na haja ya kubishana na kila sentensi. Ilimtosha kuuondoa ukurasa wenyewe.

Tena tusisahau ugumu wa kazi. Katika mitambo ya chapa ya siku zile herufi za risasi zilipangwa kwa mkono au kwa mashine, mstari kwa mstari, na kila picha ilihitaji bamba lake la chuma, lililotengenezwa na fundi kwa malipo ya mbali. Mwenye gazeti dogo hakuweza kutia picha kwa sababu tu ni nzuri. Ilimpasa kujiuliza: je, picha hii yastahili nafasi ambayo ingejaa habari ya mkutano mzima? Uhaba ulikuwa mwalimu mkali, lakini ulifundisha vizuri.

Kijana mmoja alikulia karibu na meza ya namna hiyo. Priya Ramrakha alizaliwa Nairobi mwaka wa 1935, naye alikuwa mpwa wa Vidyarthi. Katika miaka ya 1950 picha zake zilichapwa katika gazeti la jamaa yake, wakati ambapo nchi ilikuwa chini ya Hali ya Hatari. Baadaye alikwenda Los Angeles kujifunza zaidi kazi yake, kisha akapiga picha kwa ajili ya majarida makubwa ya Time na Life. Aliuawa kwa risasi mwezi wa Oktoba 1968 katika vita vya Biafra, nchini Nigeria. Picha zake nyingi zilikaa Nairobi kwa miongo kadhaa bila kuonekana na watu, hata jamaa yake alipozipata katika gereji, na mwaka wa 2018 zikakusanywa katika kitabu.

Mwingine ni Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1943 na kusoma Dar es Salaam. Alianza kupiga picha akali mwanafunzi, kwa kamera ndogo ya Box Brownie. Mwaka wa 1963 alianzisha kampuni ya Camerapix, na ulimwengu ulimjua hasa kwa picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka wa 1984. Kwa insha yetu yafaa tukumbuke jambo lisilotajwa sana: kampuni yake ilitoa pia vitabu na majarida, basi haikuishia katika kuwauzia wengine picha ili wazipange wapendavyo. Alifariki mwaka wa 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro.

Lakini Ramrakha na Amin walikuwa watu wa kazi hiyo. Je, mkazi wa mtaa wa maskini, yule aliyekuwa mbele ya kamera tangu mwaka wa 1880, aliipata lini zamu yake? Mfano mzuri ni wa Mathare, Nairobi. Mwaka wa 1997 mpiga picha Lana Wong, akishirikiana na chama cha michezo cha vijana wa Mathare kiitwacho MYSA, aliwapa vijana wapatao 30 kamera za plastiki za bei nafuu. Vijana hao walipiga picha za jamaa zao, rafiki zao, na maisha yao ya kila siku, wakaandika na maneno yao. Mwaka wa 1999 kazi yao ilitolewa katika kitabu kiitwacho Shootback. Hapo mkazi wa mtaa alikuwa nyuma ya kamera, na maneno pia yalikuwa yake. Hatua moja ilikuwa imebaki, nayo ni kukata, kupanga na kuchapa pale pale nyumbani, bila kungoja mchapaji wa ng'ambo.

Hatua hiyo sasa yawezekana hata Kiandutu. Reli ilifika Thika mwaka wa 1913, na mji ukakua kwa mashamba ya mkonge, kahawa na mananasi, na baadaye kwa viwanda. Watu wengi waliotafuta kazi mjini walihitaji mahali penye kodi ndogo, na ndivyo vikuavyo vitongoji vya mabati kandokando ya miji. Jina la Kiandutu latokana na neno la Kigikuyu, ndutu, maana yake funza, wale wadudu waingiao vidoleni. Tulifikirie jina hili kama tunavyofikiri maneno yaliyo chini ya picha. Dhiki moja ya mahali imefanywa kuwa jina la mahali pote. Kwa upande wa pili, wasomaji wa nchi za mbali waliijua Thika kwa kitabu cha Elspeth Huxley, binti wa walowezi, kilichotoka mwaka wa 1959 na kuitwa The Flame Trees of Thika. Basi mji mmoja una majina mawili yasomwayo na watu: moja la miti yenye maua mekundu, na jingine la funza. Mtoto wa Kiandutu aishi baina ya hayo mawili, naye ana mambo mengi ya kuonyesha yasiyomo katika lolote.

Tuseme kwamba mwanafunzi wa huko ana picha alizozipiga kwa simu, naye ataka kufanya kijarida. Kwanza na ajue tabia ya karatasi. Karatasi moja ikikunjwa mara moja katikati hutoa kurasa 4. Kwa hiyo kurasa za kijarida kilichoshonwa kwa pini katikati huongezeka kwa nne nne: 4, 8, 12, 16. Kijarida cha kurasa 16 chahitaji karatasi 4. Katika karatasi ya nje ukurasa wa 1 hukaa bega kwa bega na ukurasa wa 16, na nyuma yao hukaa wa 2 na wa 15. Ukijumlisha kurasa mbili zilizo katika uso mmoja wa karatasi, jawabu ni 17 daima. Ndani ya kijarida, kurasa za 8 na 9 tu ndizo zitazamanazo zikiwa katika karatasi moja isiyokatika. Basi picha pana itakayotandazwa kurasa mbili mahali pake ni hapo. Na mtu asiwekwe katikati kabisa ya picha hiyo, maana mkunjo utaumeza uso wake.

Pili, na afanye kijarida cha majaribio, kidogo na kitupu, kilichokunjwa kwa karatasi zilizokwisha kutumika. Achape picha zake ndogo ndogo, azikate kwa mkasi, azipange sakafuni, na asizigandishe kwa gundi upesi. Tuchukue picha tatu tu: mtaro wa maji machafu, mama auzaye sukumawiki, na mtoto aliyevaa sare ya shule akivuka mtaro kwa ubao. Mtaro ukijaza ukurasa mzima, na mama na mtoto wakawa wadogo pembeni, msomaji atasikia huruma, kisha atafunua ukurasa. Mama akiwa mkubwa na mtaro ukaonekana mdogo nyuma yake, msomaji ataona kazi na bidii. Mtoto akiwekwa ukurasa wa mwisho baada ya mtaro na mama, msomaji atajiuliza mtoto huyu aelekea wapi, na ni nani ambaye mpaka leo hajaujenga mtaro huo. Picha ni zile zile, wala hapana iliyotiwa chumvi. Mpangaji amebadili swali tu.

Hapa pana hatari ya upande wa pili, nayo si ndogo. Kijana aliyechoka kuona kwao kukionyeshwa kwa uchafu tu aweza kuuficha mtaro kabisa, akajaza kurasa zake kwa nyuso za kicheko. Huo nao utakuwa uongo, tena uongo utakaomfaa yule ambaye wajibu wake ni kuujenga mtaro. Mpangaji mwaminifu hutafuta kipimo: mtaro uwepo, na watu wauvukao wawepo, na pasiwe na kimoja kitakachomeza kingine.

Tatu, na aijue mashine yake. Fotokopi huzidisha weusi, na sura ya mtu mweusi iliyopigwa katika chumba chenye giza yaweza kutoka ikiwa doa tu, bila macho wala tabasamu. Afadhali kuchagua picha ambayo mtu amesimama karibu na mlango au dirisha, na kujaribu nakala moja kabla ya kulipia nyingi. Mashine nyingi haziwezi kuchapa mpaka ukingoni, kwa hiyo pambizo iachwe. Nafasi tupu isiogopwe wala isidhaniwe kuwa hasara: picha moja iliyo peke yake katika ukurasa mweupe humsimamisha msomaji kuliko picha sita zilizobanana.

Nne, na yaliyo makubwa kuliko yote, ni majina na idhini. Mama wa sukumawiki na aulizwe kama ataka kuonekana, na aandikwe kwa jina alitakalo. Akikataa, picha yake iachwe, hata ikiwa ndiyo nzuri kuliko zote. Mtoto mdogo asiamuliwe na mpiga picha. Waulizwe wazazi wake. Yeyote aliyeona uchungu wa kadi za zamani zisizo na majina hana udhuru wa kufanya vivyo hivyo kwa jirani yake. Kuzaliwa katika mtaa hakumpi mtu ruhusa ya kutumia sura za wenziwe bila kuwauliza. Mpangaji wa nyumbani aweza kudhulumu kama mpangaji wa mbali, na dhuluma yake huuma zaidi, kwa sababu atakutana na aliyemdhulumu kesho kisimani.

Mwisho, kila kijarida kiandikwe mahali, mwezi na mwaka kilipofanywa, na nakala moja iwekwe pakavu, mbali na mvua na mchwa. Picha za Ramrakha zilingoja gerejini miaka mingi kabla ya kupata kitabu chao. Zingelioza, sehemu ya historia ya Kenya ingelioza pamoja nazo. Atakayeandika habari za Thika miaka 50 ijayo atakuta ripoti za ofisi, ramani na hesabu za kodi. Akikuta pia kurasa 16 zilizokunjwa na kijana wa Kiandutu, zenye majina ya watu chini ya nyuso zao, atajua jambo ambalo ripoti hazikuandika: kwamba mahali palipopewa jina la funza palikuwa na mama huyu, mtoto huyu, na njia hii, na kwamba kulikuwa na mtu aliyewajua wote, akawapanga kwa haki.